Maswali ya Wasomaji: Mkoba Mmoja, Rangi Mbili

SWALI: Nilinunua mkoba wa ngozi wa rangi ya kahawia baada ya kuuona pichani tu. Ulipofika nilikuta kwamba mfuniko umekolea kuliko ubavu, na mkoba mzima ni wa giza kidogo kuliko ulivyoonekana kwenye picha. Muuzaji anasema hiyo ndiyo alama ya ngozi halisi. Nimwamini, au ananizungusha?

JIBU: Muuzaji wako amesema nusu ya ukweli. Ngozi ya mnyama hailingani mahali pote: nyuzi zake za kolajeni zimeshikana sana mgongoni, zimelegea tumboni, na shingoni kuna mikunjo ya maisha yote ya mnyama huyo, kwa hiyo ngozi nzima inapozungushwa ndani ya pipa la rangi, sehemu hizo hazinywi rangi kwa kiasi kimoja. Ongeza makovu ya miiba na ya kupe, ambayo nayo hupokea rangi kwa namna yake. Isitoshe, rangi hutiwa kwa mafungu, na fungu la leo si rahisi lifanane kabisa na la mwezi uliopita.

Hata hivyo, kiasi cha tofauti unachopaswa kukivumilia kinategemea namna ngozi ilivyomaliziwa. Ngozi ya anilini, yaani ile iliyotiwa rangi ya kupenya na kuachwa bila tabaka zito juu yake, huonyesha kila kitu, na wapenzi wake huilipia zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Ngozi iliyopakwa tabaka la rangi ya kufunika, kwa upande mwingine, hutoka sawasawa kama ukuta uliopakwa rangi, na anayeuza mkoba wa aina hii hana haki ya kuyasingizia maumbile. Ili kuzitofautisha, dondosha tone dogo la maji mahali palipojificha: likinywewa haraka na kuacha doa la giza linalotoweka likikauka, huenda ngozi yako ni ya anilini, likibaki juu limejiviringa, yaelekea imefunikwa.

Sasa tuutazame mfuniko wako. Tofauti ya kimaumbile huingia polepole ndani ya kipande kimoja, ikififia bila mpaka. Tofauti inayoanza ghafla penye mshono ni ya vipande viwili vilivyochaguliwa vibaya, kwa kuwa fundi makini hupanga vipande vyake mwangani kabla ya kushona na kuviweka pamoja vile vinavyofanana. Kwa maoni yangu, hilo ni uzembe wa kazi hata kama kila kipande, kikiwa peke yake, ni ngozi nzuri, na una haki ya kudai ubadilishiwe.

Kabla ya kudai, utazame mkoba karibu na dirisha mchana, kisha chini ya taa. Vipande vikilingana penye taa na kuachana penye mwanga wa mchana, basi vimetiwa rangi za michanganyiko tofauti. Kuhusu picha siwezi kumlaumu muuzaji sana, maana mwanga wa kupigia picha na kioo cha simu yako vyote hubadilisha rangi; alichopaswa kufanya ni kukuonya mapema.

Ukiamua kubaki nao, ujue kwamba ngozi iliyotengenezwa kwa tanini za magome ya miti huzidi kukolea kwa mwanga na kwa mafuta ya mikono, hasa ile ya rangi hafifu, ilhali iliyotengenezwa kwa chumvi za kromiamu hubadilika kidogo. Usiuanike juani ili kuharakisha mambo, kwani jua hukausha ngozi na kupausha rangi, wala usijaribu kusawazisha kwa dawa ya viatu, ambayo itaishia kwenye nguo zako.

SWALI: Mkoba wangu mwekundu unachafua shati jeupe. Je, hiyo nayo ni kawaida ya ngozi?

JIBU: Hapana. Hiyo ni rangi iliyozidi au isiyoshika vizuri. Sugua sehemu iliyojificha kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo. Kikiendelea kutoka na wekundu baada ya kurudia mara kadhaa, urudishe mkoba dukani. Anayebeba mkoba wa rangi hafifu na kuuona unapata ubuluu ubavuni, yeye aichunguze kwanza suruali yake ya jinzi.