Kabla Hujasema "Nimefunga"

Wadogo zangu mnaotibiwa tatizo la kula, mnanichosha. Kila mmoja wenu akipata mtoko na mchumba, habari ni ile ile: mchana hukula ili ubakishe nafasi, usiku ukaishika menyu mikono ikitetemeka, ukaagiza saladi na maji. Au ukamaliza chako na chipsi za mwenzio, kisha ukajifungia chooni kulia. Sisi tuliotangulia tulishayafanya yote hayo. Hamna haja ya kuyarudia.

1. Kula mchana. Mtoko wa saa mbili usiku haufuti chakula cha saa saba wala kitafunwa cha saa kumi. Mpango wako wa kula ni mpango.

2. Menyu itazame mara moja nyumbani, chagua, basi. Ukijikuta unaisoma wiki nzima, usijitukane, ni njaa hiyo. Mwaka 1945 kule Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa miezi sita wanaume 36 waliojitolea, wazima wa afya. Baadhi yao wakaanza kusoma vitabu vya mapishi na kukusanya maelekezo ya upishi, watu ambao jiko halikuwahi kuwashughulisha.

3. Forodhani, kwenye vyakula vya usiku pale Unguja, si pa kuanzia. Napapenda, lakini menyu hakuna, kila mpishi anakuita kwake, pweza huku, ngisi kule, na sahani imeshajaa kabla ile sauti ya ugonjwa kichwani haijamaliza kukugombeza. Anza mahali pa kukaa, penye sahani yako mwenyewe. Sinia la pamoja liache kwanza, unajua mwenyewe unavyolitumia kuficha ulichokula na usichokula. Siku ukienda Forodhani, uliza bei kabla ya kunyoosha kidole.

4. Usiseme umefunga. Hapa nitakaa kidogo.

Mie nilikuwa bingwa wa sunna ya Jumatatu na Alhamisi. Unguja hii nani atakubishia? Ukisema huna njaa watakulazimisha, ukisema unaumwa watakupikia uji, ukisema umefunga watakuombea dua. Basi Alhamisi moja mchumba akanipigia asubuhi, tukale mchana Mkunazini. Ikanitoka tu: "Leo nimefunga." Uongo mtupu, chai nilikuwa nimeshakunywa. Akafurahi, masikini! Kwa vile alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri, akanuia na yeye papo hapo, tufuturu pamoja.

Magharibi nikaenda na mdogo wangu wa kiume, mama kamtuma atusindikize. Adhana ilipolia, yule bwana akanipa mie tende ya kwanza. Nikaitafuna kama kidonge. Biriani ikaja, nikasema tumbo limejaa gesi, mdogo wangu akaimaliza huku akinikodolea macho. Ile chai ya asubuhi alinimiminia yeye. Hakusema neno, na mpaka leo sijui kama nimshukuru au nimlaumu.

Habari zikafika kwa mama mkwe mtarajiwa: binti mcha Mungu! Kila Alhamisi bakuli la mbaazi za nazi likawa linaletwa kwetu kwa ajili ya futari yangu, na mwanawe anafunga kunisindikiza. Mbaazi zile nilizila usiku wa manane nimesimama jikoni, zote, halafu kesho yake fidia: najinyima chakula kuzilipizia. Hakuna aliyeweza kuniuliza, maana nani anamuuliza mtu swaumu yake? Ramadhani ikaingia, daktari akanikataza kufunga. Ruhusa ya mgonjwa iko wazi, Al-Baqara aya ya 184. Nikawa nakula mchana kwa haki yangu kabisa, nimejificha, kwa kuwa kuna watu walishaniona walii.

Nilipomwambia mchumba ukweli, alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Na zile Alhamisi zangu?" Nikamjibu zako zimeandikwa, zangu ndizo zilikuwa chai. Akacheka yeye kwanza.

Kwa hiyo sema: "Nina tatizo la kula, natibiwa. Nitaagiza mwenyewe, na usinihesabie matonge." Mengine yasubiri posa.

5. Chakula cha hofu, yaani kile unachokiogopa kukila, kimoja kwa mtoko mmoja, tena mkubaliane kwanza na mtaalamu wako. Ushujaa wa kuagiza vitatu nimeushuhudia, haukuisha vizuri.

6. Akikwambia "mashaallah, umenenepa", huku kwetu amekusifu. Sauti itatafsiri vingine. Geuza mazungumzo, muulize mpira.

7. Asubuhi yake chai na boflo kama kawaida. Fidia hakuna. Ukiteleza, mpigie mtaalamu, mizani iache ilipo.

Na wewe uliyeniuliza kama urojo unahesabika chakula cha usiku: wenye kachori, bajia, mbatata, yai na mishkaki, ndiyo. Ule unaoagiza wewe, rojo tupu na kipande kimoja cha mbatata, rudi kwa muuzaji akakujazie bakuli.