Chenso Inapokataa Kazi: Barua za Wakata Kuni na Majibu ya Mafundi

Barua za safari hii zimetoka mbali na mbali, lakini nyingi zina kisa kimoja. Chenso, yaani msumeno wa mnyororo, imeleta matata, mwenyewe akakimbilia skrubu za kabureta, kumbe ugonjwa uko kwenye dumu la mafuta au kwenye meno ya mnyororo. Tumezijibu kwa kirefu pale ambapo kosa linagharimu injini nzima.

Mafundi, salaam. Chenso yangu ya cc 72 imenoki, yaani pistoni imekwama, mara mbili ndani ya miezi minane. Mara ya kwanza nilibadilishiwa pistoni na ringi, nikakata mikaratusi wiki tatu tu, ikanoki tena. Oili natia kizibo kimoja cha chupa ya maji kwa kila lita ya petroli. Je, niliuziwa pistoni feki?
*Mkata kuni, Mufindi*

Pole sana, ndugu yetu. Pistoni feki zipo sokoni, ila kabla ya kumlaumu muuzaji tuangalie hicho kizibo. Kizibo cha chupa ya maji hakifikishi mililita 10. Kwa oili nzuri ya tustroki, yaani ya injini zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, kipimo cha 50 kwa 1 kinataka mililita 20 kwa lita moja, yaani mililita 100 kwa dumu la lita 5. Kama kopo la oili au kitabu cha mashine kinasema 25 kwa 1, ni mililita 40 kwa lita, 200 kwa dumu. Wewe umekuwa ukitia chini ya nusu ya kipimo kidogo kabisa.

Chenso haina oili yake ndani kama injini ya gari. Pistoni, ringi na beringi za krenki hupata ulainisho kutoka kwenye petroli ile ile inayoungua. Oili ikipungua, pistoni inapata moto, inatanuka, inausugua ukuta wa silinda mpaka alumini yake inagandia pale. Ndiyo maana pistoni mpya haikudumu. Kama fundi hakuiondoa ile alumini iliyogandia, au silinda ilikwisha chimbika, ringi mpya ziliingia kwenye njia mbovu.

Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, lisilo na sindano. Bomba moja lililojaa oili ni la lita moja ya petroli, kwa kipimo cha 50 kwa 1. Mimina nusu ya petroli kwenye dumu safi, tia oili yote, tikisa, jazia petroli iliyobaki, tikisa tena. Usichanganyie ndani ya tenki la chenso, kwa sababu oili itakaa chini na injini itanyonya oili tupu kwanza, kisha petroli kavu. Kila unapotaka kujaza tenki, litikise dumu upya. Na oili ya injini ya gari haifai hapa. Imetengenezwa kukaa ndani ya injini, haikutengenezwa kuungua.

Kabla hujanunua pistoni ya tatu, fungua ekzosi na uchungulie pistoni kupitia tundu lake. Mikwaruzo ya wima upande wa ekzosi peke yake mara nyingi husema joto lilizidi: petroli kidogo, hewa nyingi. Ikiwa imezunguka pistoni pande zote, oili ilikosekana. Ikiwa iko upande wa kabureta, vumbi limepita kwenye ea klina (chujio la hewa). Tungependa sana kila fundi amwonyeshe mteja pistoni iliyokufa kabla ya kumuuzia nyingine.

Kagua pia mpira unaounganisha kabureta na silinda, na sili mbili za krenki. Vikipasuka, hewa ya wizi inaingia na petroli inakuwa pungufu hata kama umechanganya vizuri. Dalili yake ni hii: unaachia mafuta, lakini injini inachelewa kurudi silensa (mwendo wa chini wa injini bila kubonyeza mafuta), au inapandisha resi yenyewe unapoilaza ubavu.

Mnyororo mpya unakuwa butu kabla ya tenki moja la mafuta kuisha. Tunakata magogo makavu ya kukaushia tumbaku. Tukishanoa, msumeno unakata kwa kupinda kulia mpaka unabanwa. Tunatumia tupa moja kwa chenso zote tatu.
*Wakulima watatu, Urambo*

Hiyo tupa moja kwa chenso tatu ndiyo ya kuanza nayo. Kila mnyororo una tupa yake, na kujua ni ipi si kazi ngumu. Pima kwa rula kutoka katikati ya ripiti (kipini kinachounganisha vipande vya mnyororo) ya kwanza mpaka katikati ya ripiti ya tatu. Ukipata milimita 16.5, tupa ni ya milimita 4.8. Ukipata kama 18.6, tupa ni 5.2, isipokuwa kwa ule mnyororo mwembamba wa chenso ndogo, ambao hutaka 4.0. Ukipata 20.5, tupa ni 5.5. Tupa nyembamba kupita kiasi huchimba ndoana chini ya jino. Jino linakuwa kali kwa dakika tano, kisha ncha inavunjika. Tupa nene huacha jino na mgongo, halikamati mti.

Wakati wa kunoa, bana upanga (lile bapa la chuma linalobeba mnyororo) kwenye kisiki au jiliwa ili mnyororo usicheze. Sukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje, na iinue unapoirudisha, kwani kuikwaruza ikirudi kunaua tupa na jino pamoja. Weka pembe ya nyuzi 30, au ile iliyochorwa kwenye jino lenyewe, na sehemu ya tano ya unene wa tupa ionekane juu ya jino. Misukumo miwili au mitatu inatosha ukinoa kila unapojaza mafuta. Mkisubiri mpaka msumeno utoe unga badala ya vipande, mtahitaji misukumo kumi na mtapoteza chuma kingi.

Kupinda kulia kunatokana na meno ya upande mmoja kuwa marefu au makali kuliko ya upande wa pili, na msumeno huelekea upande wenye nguvu. Karibu kila mtu husukuma kwa nguvu zaidi upande ambao mkono wake umeuzoea. Tafuteni jino fupi kuliko yote, lipimeni urefu, kisha punguzeni mengine yote yalingane nalo, kushoto na kulia. Inachosha, lakini njia nyingine hakuna. Kama hata baada ya hapo bado unapinda, angalieni upanga: weka rula ubavuni uone kama kingo mbili za mfereji ziko sawa kwa kimo. Kingo moja ikiwa chini, isawazishe kwa tupa bapa. Ugeuzeni upanga juu chini kila mnaponoa ili uchakae sawasawa, na fukueni uchafu kwenye mfereji pamoja na kitundu cha kupitishia oili.

Kuna kitu ambacho barua yenu haikukitaja, nacho tunakishuku: kile kinundu kilicho mbele ya kila jino. Kinundu ndicho kinachoamua jino ling'ate unene gani wa mti. Kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa takriban milimita 0.65. Jino linapofupika kwa kunolewa, kinundu kinabaki juu, na mnyororo mkali unateleza tu juu ya mti. Kikateni kwa tupa bapa kila baada ya kunoa mara tatu au nne, mkipimia kwa kibati chake. Msikishushe kwa pupa! Kinundu kikiwa chini mno, jino linang'ata zaidi ya nguvu za injini, na msumeno unaweza kuruka kuelekea usoni kwa mwenye kuushika.

Ama ule ubutu wa haraka, gogo lililoburutwa lina mchanga kwenye gome. Kugusa mchanga kwa sekunde moja kunatosha kumaliza makali. Banjueni gome kwa panga pale mnapotaka kukata, inueni gogo juu ya vipande viwili vya mti, na geuzeni gogo kabla ncha ya msumeno haijafika ardhini.

Naweza kutumia oili chafu ya gari kulainishia mnyororo? Oili ya dukani ni ghali.
*Msomaji, Njombe*

Hapana. Oili chafu ina chembe za chuma zinazosaga pampu ya oili na mfereji wa upanga. Tena ni nyepesi na inarushwa nje ikifika kwenye ncha. Inakurukia mikononi na usoni siku nzima, na oili iliyotumika ina kemikali zinazoweza kuleta saratani. Ukikosa oili maalumu, tumia oili mpya ya SAE 30. Kujua kama inafika, elekeza ncha ya upanga kwenye kisiki cheupe kwa umbali wa sentimita 20, piga resi ya kati. Mstari wa oili uonekane. Kwa kawaida oili ya mnyororo inakaribia kuisha petroli inapoisha. Ikibaki nusu tenki, kitundu kimeziba.

Nilihama na chenso yangu kutoka Njombe kuja Mkuranga kukata mikorosho mizee. Kule ilikuwa haina shida. Huku inapiga kelele nyembamba, ina moto sana, na ikizamishwa kwenye mti inakosa nguvu.
*Kijana wa kazi, Mkuranga*

Izime leo, kijana wetu, usikate hata gogo moja zaidi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na huko hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Fundi wa kule huifunga skrubu ya H, ile ya kabureta inayopima petroli ya resi kubwa, ili petroli ilingane na hewa ile chache. Umeshuka pwani, hewa imejaa, petroli ni ile ile kidogo. Hiyo kelele nyembamba ni injini inayoungua kavu, na mwisho wake ni barua kama ile ya ndugu wa Mufindi.

Safisha ea klina, tia mafuta mapya, noa mnyororo. Washa, iache ipate moto dakika tano. Fungua H robo mzunguko, kinyume cha mshale wa saa. Bonyeza mafuta mpaka mwisho kwa sekunde chache tu bila kukata: isikike ikigugumia kidogo kama imeshiba. Izamishe kwenye mti. Ule ugugumizi upotee na sauti iwe safi. Ikiendelea kugugumia ndani ya mti, rudisha kwa kiasi cha moja ya nane ya mzunguko. Kisha rekebisha L, skrubu ya petroli ya resi ndogo, ili isisite unapobonyeza mafuta, na mwisho skrubu ya silensa, mpaka mnyororo usimame kabisa unapoachia. Mnyororo unaozunguka kwenye silensa umekwisha kata mapaja ya watu. Kama chenso yako ni ile inayojirekebisha kwa umeme na haina skrubu hizo, tatizo lako ni hewa ya wizi au chujio la mafuta.

Hamjambo. Mtambo wetu wa kupasulia kuni za kiwanda cha chai unaendeshwa na injini ya Honda GX160. Tukiusogeza kwenye mteremko unazima, na ukivuta kamba plagi haitoi moto. Tukirudi uwanjani, unawaka. Tumebadilisha koili bure.
*Mpasua kuni, Kericho*

Hatujambo. Koili yenu haikuwa na kosa. Injini nyingi za aina hii zina kifaa ndani ya krenkesi kinachokata moto oili inapopungua, na injini ikiinama oili hukimbilia upande mmoja, kifaa kikadhani imeisha. Wekeni mtambo pahala tambarare na pimeni oili, kijiti kikiwa kimechomekwa bila kukazwa. Injini hii huchukua takriban lita 0.6, na ijae mpaka ukingo wa tundu. Mkitaka uhakika, chomoeni waya wa njano wa kifaa hicho kwa dakika moja tu: moto ukirudi, mmepata jibu. Urudisheni papo hapo, huo waya ndio unaookoa krenki. Oili ibadilishwe baada ya saa 20 za kwanza za injini mpya, kisha kila saa 100, na plagi iwe na mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8.

Chenso ya nyumbani ilikaa kipindi chote cha masika bila kazi. Sasa inavutwa mpaka mkono unauma, haiwaki, na inanuka petroli.
*Mama wa Lushoto*

Pole, mama. Petroli iliyochanganywa hupoteza nguvu baada ya kama mwezi mmoja, na ile iliyokaukia ndani ya kabureta huacha utando unaoziba njia. Mwaga mafuta yote ya zamani. Fungua plagi: ikiwa imelowa, ifute. Weka swichi kwenye kuzima, choki wazi, vuta kamba mara kumi hadi kumi na tano plagi ikiwa nje, uso wako ukiwa mbali na tundu, pasipo moto wa jiko karibu. Rudisha plagi yenye mwanya wa milimita 0.5, tia mafuta mapya, jaribu bila choki.

Ikikataa, vuta chujio la mafuta kutoka ndani ya tenki kwa waya uliopindwa ndoana. Likiwa jeusi au gumu, weka jipya. Likiwa zima, kilichobaki ni zile ngozi nyembamba za ndani ya kabureta. Zikikakamaa hazisukumi mafuta tena. Huuzwa kama seti pamoja na gasketi zake, wala huhitaji kununua kabureta nzima. Mwambie fundi akupe zile kuukuu uzikunje kwa vidole, ngozi nzima ni laini.

Masika yajayo, maliza mafuta ya tenki, washa chenso mpaka izime yenyewe, kisha legeza mnyororo.