Mark X inateleza nyuma mvua ikinyesha

Dada, nimekuelewa: leseni mpya, Mark X, na nyuma inakukimbia ukitoka keepilefti barabara ikiwa imelowa. Gari hilo husukumwa na tairi za nyuma. Ukikanyaga mafuta huku usukani bado umekatwa, zinakosa mshiko. Punguza mwendo kabla ya kona, usukani ukinyooka ndipo uongeze mafuta polepole. Likiteleza, achia mafuta taratibu, elekeza usukani unakotaka kwenda, usikanyage breki kwa ghafla. Na TRC, mfumo unaozuia tairi kuzunguka ovyo ukikanyaga mafuta, usiuzime kamwe.

Ila mimi ningeanza na tairi. Soma tarakimu 4 ubavuni: 1418 ni wiki ya 14, mwaka 2018. Mpira mkongwe huwa mgumu hata kashata (michongo ya tairi) zikiwa nzuri. Tairi zikiwa nzima na bado linateleza, mwone fundi akague miguu (shokapu na viungo vyake) na alaimenti, yaani mnyooko wa tairi, kabla hujaliendesha tena kwenye mvua.