Kwa mwanafunzi mpya wa usanifu majengo: mkono, kompyuta na watu wa studioni

Unayeanza masomo ya usanifu majengo leo umekuta programu za kuchorea zimekwisha kuwa jambo la kawaida: AutoCAD ilitoka mwaka 1982, Revit ikaja mwaka 2000, na si rahisi kupata kazi ofisini bila kuzimudu programu za aina hiyo. Kwa hiyo sitakushauri uikimbie kompyuta. Nionavyo mimi, baada ya kusoma fani hii na kusimamia kazi za wanafunzi, ni kwamba stadi za vitendo hupokelewa kutoka kwa watu walio karibu nawe, na kompyuta isiyotumiwa kwa uangalifu hukutenga na watu hao kabla hujatambua kwamba nao ni sehemu ya masomo.

Tuangalie kazi ya kupima chumba kilichokwisha kujengwa, ambayo wengi huidharau. Kwa kawaida mmoja hushika ncha ya tepu, wa pili husoma, na wa tatu huandika kwenye mchoro wa mkono. Mkishapima kuta zote nne msifunge daftari, pimeni na mishazari miwili, yaani kutoka kona hadi kona iliyo mkabala, kwa sababu chumba ambacho kuta zake zinazokabiliana zinalingana kabisa bado kinaweza kuwa kimekaa upande, na mishazari isiyolingana ndiyo itakayokufichulia hilo. Siku hizi kipimo cha leza humwezesha mtu mmoja kufanya kazi hiyo peke yake, tena kwa haraka. Kitumie, lakini nenda na mwenzako hata hivyo, kwa kuwa leza haitakwambia kwamba umeandika 3,450 mahali pa 3,540, ilhali anayeandika pembeni yako, akikurudishia namba kwa sauti, ataligundua kosa hilo papo hapo.

Jambo la pili ni skeli, yaani uwiano kati ya ukubwa wa mchoro na ukubwa halisi wa kitu. Kwenye skrini unaukuza na kuupunguza mchoro upendavyo, na baada ya muda jicho husahau kitu kina ukubwa gani hasa. Kanuni ya ngazi inayohusishwa na François Blondel, Mfaransa wa karne ya 17, hujumlisha vimo viwili vya vidato na kina kimoja cha kukanyagia, na leo jumla hiyo huwekwa takriban kati ya milimita 600 na 640. Kimo cha 170 na kina cha 280 vinakupa 620, na programu itakuchorea ngazi hiyo kwa sekunde chache. Hata hivyo, mpaka upime ngazi unayoipanda kila siku, pamoja na ile inayokuchosha, namba hizo zitabaki kuwa namba tu.

Kuhusu mwalimu, usimpelekee picha iliyonakshiwa mno katika wiki za mwanzo za kazi. Picha yenye vivuli, miti na watu wanaotembea humfanya mtazamaji aone kazi imekwisha, na badala ya kukuuliza kwa nini mlango wa jiko unafungukia kwenye korido atazungumzia rangi ya ukuta. (Wapo wanafunzi wanaolijua hilo na kulitumia kama ngao.) Chapisha ramani kwa skeli ya 1:100, iweke mezani, tandaza karatasi angavu, inayoonyesha mchoro ulio chini, juu yake, kisha mpe penseli. Utakapomwona anachora mstari, anasita, anauchora upya, utakuwa umeona namna anavyofikiri, jambo ambalo maoni yaliyoandikwa pembeni ya faili hayawezi kukuonyesha.

Kwa wenzako, kundi la WhatsApp linafaa kwa ratiba na kutumiana faili. Ukosoaji wa kazi ya mtu useme ana kwa ana, mchoro ukiwa mbele yenu wote, maana maneno yaleyale yakisomwa usiku wa manane kabla ya siku ya kuwasilisha huumiza kuliko ulivyokusudia. Aidha, mnapofanya kazi katika modeli moja ya jengo kwenye kompyuta, ukiisogeza nguzo mwarifu mwenye sehemu hiyo na umweleze sababu. Programu itaibadilisha kwenye ramani na mikato yote (michoro inayoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima), lakini haitamweleza mtu kwa nini.

Mwisho ni fundi. Katika miaka ya mwanzo ya Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu iliyoanzishwa na Walter Gropius mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, karakana ziliongozwa na watu wawili, msanii na fundi stadi, na mwanafunzi aliwajibika kwa wote wawili. Shule nyingi za sasa hazina mpango wa namna hiyo, kwa hiyo utautengeneza mwenyewe. Ukipata ruhusa ya kufika mahali panapojengwa, piga picha baadaye. Kwanza muulize seremala au mwashi ni mchoro wa kiungo gani humsumbua kuusoma, umwachie nafasi ya kujibu, kisha umwombe akuchoree yeye mwenyewe kwenye kipande cha ubao namna ambavyo angependa kiungo hicho kichorwe.