Kuhusu Baraka, ulivyoniuliza jana

Mwanangu Neema, meseji yako niliiona usiku nikashindwa kukujibu maana mdogo wako Baraka alikua bado hajalala. Umeniuliza wakwe zako wakija Jumamosi kuleta barua, uwaambie Baraka ana usonji mkali au wa kawaida tu. Usiseme hata kimoja, mama.

Daktari wa kwanza alituambia ni mwepesi, unakumbuka nilivyofurahi, nikampigia na bibi yako. Kumbe wepesi ule ulikua wetu sisi tunaomtazama, kwa sababu anaongea na anasoma. Shuleni wakalishika hilo neno, kila akizidiwa na kelele wanasema anajifanya, anarudi nyumbani anajigonga kichwa ukutani na we ndo ulikua unakaa nae pale mlangoni mpaka atulie. Halafu yule mtoto wa jirani ambae haongei kabisa, yeye aliitwa mkali, basi hakuna aliyejisumbua kumfundisha kitu mpaka mama yake alipoanza kadi za picha, saa hizi anachagua mwenyewe nguo na chakula.

Madaktari wa Marekani 2013 walibadilisha kitabu chao cha kupimia, wakatoa jina la Asperger, walilokua wanawaita wale wanaoongea vizuri kama Baraka, wakaweka yote chini ya usonji, ngazi tatu: anahitaji msaada, msaada mkubwa, msaada mkubwa sana. Mi hapo nawaunga mkono kwa sababu wanauliza msaada. Tena mawasiliano yanapimwa peke yake na tabia za kurudiarudia peke yake, kwahiyo mtu anaweza kua ngazi ya kwanza huku na ya pili kule, na inabadilika kutokana na mahali na wakati, si unamjua Baraka wa nyumbani na Baraka wa kwenye harusi yenye muziki. Na huyo Asperger alikua daktari Vienna enzi za Hitler, makaratasi ya zamani yameonyesha alipeleka watoto Spiegelgrund, hospitali ya hapo Vienna ambako watoto wenye ulemavu walikua wanauawa. Nikisikia watu wanapanga watoto huyu anafaa huyu hafai nakumbuka hilo, roho inaniuma.

Ila usije ukamkatalia mzazi anaesema wa kwake ni mzito. Kuna mtu ana kijana wa miaka 20, anamvalisha, anamlisha, hawezi kumuacha hata dakika tano, akiambiwa usonji ni utofauti tu anaona shida zake zimefutwa. Neno hilo ana haki nalo.

Sasa wakwe waambie hivi: Baraka ana usonji, anaongea vizuri ila msimuulize watu watatu kwa mpigo, shikamoo atatoa bila kuwatazama usoni na akiinuka akaenda chumbani sio dharau, amechoka kelele. Wakiuliza zaidi niachie mimi. Na mjomba wako nimeshamwambia spika ikae kule uani, mbali na dirisha lake.

Mama