Mbwa Amepata Nafuu? Usimkatishe Dawa za Kushusha Kinga

Kuna msomaji ameniandikia kwamba mbwa wake anayetumia prednisoloni, dawa ya steroidi inayoshusha kinga ya mwili, amechangamka, ila anakunywa maji kupita kiasi na kukojoa ndani usiku. Anauliza kama aache dawa.

Usiache! Nasema hivyo kwa sababu ya Popi wangu, ambaye kinga ya mwili wake ilikuwa inavunja seli zake nyekundu za damu. Nilipomfunua mdomo, fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi. Mtu ninayemheshimu aliniambia achomwe sindano afe, "ni mbwa tu". Maneno yale yananiuma mpaka leo. Popi yuko hai, na najivunia kila kidonge nilichompa.

Alipoanza kukimbia tena nilitamani dozi ishuke haraka. Daktari wa mifugo alikataa. Alipima damu kwanza, akapunguza robo, tukasubiri wiki kadhaa, akapima tena. Ukikatisha ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Tena, tezi zilizo juu ya figo huzembea kutengeneza homoni yake wakati mwili unapata steroidi kutoka kwenye dawa. Dawa ikikatika, mbwa anaweza kutapika, kulegea, hata kuzimia na kufa.

Jamani, usimwongezee dawa ya maumivu ya nyumbani. Aspirini, au hata meloksikamu ya mbwa, ikichanganywa na prednisoloni huleta vidonda vya tumbo. Ukiona kinyesi cheusi, mpigie daktari hapohapo. Chanjo yoyote nayo muulize kwanza, hasa zile zenye virusi hai.

Wenye paka, msigawane dawa na mwenye mbwa. Azathioprini, dawa nyingine ya kushusha kinga ambayo mbwa wengi huivumilia, inaweza kuharibu uboho wa paka, akaishiwa seli za damu. Na paka anayetumia siklosporini, nayo dawa ya kushusha kinga, asile nyama mbichi wala kuwinda panya, maana toksoplasma, kimelea kinachokaa kwenye nyama mbichi na panya, ikimpata wakati kinga iko chini inaweza kumuua.

Ukichukua mnyama umechukua na magonjwa yake, kwa hiyo usikwepe vipimo kwa sababu tu anatikisa mkia.

Ndugu msomaji, kiu hiyo kwa kawaida huletwa na dawa, kwa hiyo usimnyime maji, mtoe nje mara nyingi zaidi. Ila peleka mkojo wake ukapimwe, kwa sababu prednisoloni huficha maambukizi ya kibofu, na mbwa anaweza kuwa nayo bila homa wala maumivu.