Mpelelezi Alizaliwa Hospitalini

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, hadithi na tamthilia za mauaji zinawafundisha vijana uhalifu?" Jibu langu ni hapana. Nimekuwa muuguzi kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na hadithi hizi nilizisoma zamu za usiku, wodi ikishatulia. Kuua hazikunifundisha. Zilinifundisha kutazama.

Wengi hatujui zilikotoka. Arthur Conan Doyle, aliyemuumba mpelelezi wa hadithini Sherlock Holmes, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1887, alikuwa daktari. Akiwa mwanafunzi Edinburgh, Scotland, alimsaidia mwalimu wake, daktari wa upasuaji Joseph Bell, kupokea wagonjwa wa nje. Siku moja akaingia mwanamume asiyejulikana na mtu pale. Kabla hajajieleza, Bell akamwambia kwamba alikuwa jeshini, ametoka si siku nyingi, alikuwa na cheo cha chini, na kikosi chake kilikuwa Barbados, kisiwa cha Karibi. Mgonjwa akaitikia yote. Bell akawageukia wanafunzi. Mtu huyu ana adabu, akasema, lakini hakuvua kofia, kwa sababu jeshini hawavui. Angekuwa ametoka zamani, angeshazoea desturi za kiraia. Na Barbados je? Ana matende, na matende hayapatikani Uingereza, yako visiwa vya huko.

Mimi mzaliwa wa Tanga. Nilipofika hapo kwenye kisa hicho nilikifunga kitabu kwanza, nikamkumbuka bibi yangu. Kwetu matende na mabusha tumekua tukiyaona, na bibi, ambaye hakuingia darasani hata siku moja, alikuwa akiona mguu tu anajua huyu ni mtu wa pwani huku Pangani, si wa milimani Lushoto. Holmes ametoka kwenye macho ya aina hiyo. Bastola na koti refu ni mapambo.

Agatha Christie, mwandishi wa hadithi za mauaji, naye ametoka hospitalini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alijitolea kuuguza majeruhi mjini Torquay, Uingereza, kisha akahamishiwa chumba cha dawa, na ndiko alikojifunza habari za sumu alizokuja kuzitumia vitabuni. Katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kuna tukio ninalolipenda kuliko mauaji yake yote. Alikuwa akijifunza kwa mfamasia mmoja wa mjini, mtu aliyejiamini kupita kiasi, aliyetembea na sumu ya kurare mfukoni kwa sababu ilimfanya ajione mwenye nguvu. Siku moja mfamasia huyo akatengeneza dawa za kuweka njia ya haja kubwa, na Agatha akaona kwamba amekosea nukta ya desimali: dawa imezidi mara kumi. Afanyeje? Yeye ni mwanagenzi, tena binti, na mbele yake yuko bwana mkubwa asiyekosolewa. Akajifanya amejikwaa. Sinia ikaanguka, akazikanyaga zile dawa kwa nguvu, akaomba radhi kwa uzembe wake. Zikatengenezwa upya.

Kila nikisoma habari za Miss Marple, mpelelezi wa Christie, yule bibi wa kijijini anayefuma sweta huku watu wanasema ovyo mbele yake wakidhani hasikii, namwona binti wa chumba cha dawa. Anaona kosa, hana mamlaka, na anatafuta njia.

Kwa anayedhani vitabu hivi ni shule ya sumu, nina kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1961 Christie alitoa The Pale Horse, ambamo watu wanakufa kwa thaliamu, sumu isiyo na ladha inayonyonyoa nywele. Muuaji simtaji. London, watazamaji wa tamthilia yake The Mousetrap wamekuwa wakiombwa tangu 1952 wasimtoboe muuaji wakitoka nje, nami desturi hiyo naiheshimu. Basi mwaka 1977 mtoto wa kike wa miezi 19 alisafirishwa kwa ndege kutoka Qatar hadi hospitali moja ya London akiwa mahututi. Madaktari walipima, wakapima tena, wasione ugonjwa. Muuguzi aliyekuwa akimhudumia alikuwa katikati ya kitabu hicho hicho. Akamtazama mtoto, akatazama nywele zilivyokuwa zikimtoka, akawaambia madaktari anavyofikiri. Vipimo vikapelekwa maabara ya Scotland Yard, yaani polisi wa London, na thaliamu ikaonekana. Ilitoka kwenye sumu ya mende na panya iliyotumika nyumbani kwao. Mtoto akatibiwa, akapata nafuu. Kama muuguzi yule angekatazwa hadithi za mauaji, sijui mtoto angekuwa wapi.

Na kwa Kiswahili tuna mpelelezi Bwana Msa. Aliyemuumba, Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Unguja, kabla hajawa mhariri wa gazeti alikuwa mkaguzi katika idara ya afya, yaani bwana afya, mtu wa kuingia nyumba za watu, kuchungulia mitungi na mashimo, na kusikia ya ndani ya nyumba. Alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyopata tuzo ya uandishi na kuchapishwa kitabu mwaka 1960, alimpa kazi ya upelelezi raia mwenye kiko, asiye askari, akifuatana na rafiki yake Najum. Maiti inakutwa mzimuni, na mahali kama hapo watu wako tayari kuogopa kabla ya kuuliza. Bwana Msa anauliza. Anakaa na watu, anapiga mazungumzo, anasubiri neno litoke lenyewe. Kiswahili cha kitabu kile ni cha barazani hasa, na inaniuma kwamba vijana wengi hawajakishika mkononi.

Kwa nini raia aone ambacho askari hakuoni? Kwa maoni yangu ni kwa sababu haogopwi. Akija mwenye cheo watu husema wanachodhani anataka kusikia. Wodini nimeliona hili usiku baada ya usiku: daktari akipita mgonjwa anasema hajambo, akiondoka ananiita mimi, nami nikitoka anamwambia mwenye kufagia ukweli wote.

Lawama ninayo moja, na siifichi. Hadithi nyingi za aina hii humsahau marehemu. Ukurasa wa tatu amekufa, ukurasa wa nne amegeuka fumbo, na hatuambiwi nani alibaki akimlilia. Tamthilia za siku hizi za televisheni zimezidisha: mwili wa msichana unaonyeshwa kwa karibu, mama yake hapewi hata dakika mbili. Mimi nimeosha maiti nyingi, na kila moja ilikuwa na mtu wake amekaa kwenye benchi nje. Wahariri na waandishi wakitaka kurekebisha kitu, waanzie hapo.

Usiku mmoja, nikiwa hospitali fulani ya wilaya kanda ya Ziwa, aliletwa mtoto wa miaka kama minne akirusharusha mikono na miguu. Bibi aliyemleta alisema ni degedege. Daktari wa zamu aliandika malaria kali, na kwa msimu ule wa mvua hakuna ambaye angeandika kingine. Nilikuwa nafunga dripu wakati mama mmoja, mhudumu wetu wa usafi, aliposimamisha deki yake karibu na kitanda. Akainama, akanusa shati la mtoto, akaniambia taratibu, "Sista, huyu ananuka dawa ya pamba."

Nikachukua tochi. Mboni za macho zilikuwa zimesinyaa kama tundu la sindano, na mate yalikuwa yanamtoka yasikatike hata nilipoyafuta. Nikamrudia daktari mbio. Tukambadilishia nguo, tukamwosha, tukaanza atropini, dawa ya kukabili sumu ya kuulia wadudu, tukakaa naye mpaka adhana ya alfajiri. Kulipokucha bibi akakumbuka chupa ya soda iliyokuwa uvunguni, ambayo baba wa mtoto alihifadhia dawa iliyobaki ya shamba.

Baadaye, tukinywa chai nyuma ya jiko, nilimuuliza yule mama aliijuaje harufu ile wakati sisi sote tulikuwa tumeinama juu ya mtoto yule yule. Akasema amekulia kwenye pamba, na kwamba mdogo wake wa kiume aliondoka hivyo hivyo, nyumbani, na waliomzika wanasema mpaka leo kuwa alirogwa.